Naimbia Magoti Yangu

Tuseme ukweli mapema: Tusajigwe hakujua kuimba. Alipokuwa msichana kwao Uyole, Mbeya, mwalimu wa kwaya alimvumilia miezi miwili, halafu akamwita pembeni na kumwambia kwa upole kwamba Mungu amempa kipaji cha kupika chai ya wanakwaya. Akapika chai hiyo miaka minne, bila kinyongo. Sasa huyo huyo, akiwa na miaka arobaini na mbili, ameolewa huku milimani Kilolo, mkoani Iringa, akaanza kuimba kila siku mara mbili, asubuhi na jioni, kwa sauti ya kufukuzia ngedere shambani. Kijiji kizima kikawa hakina pa kukimbilia.

"Hivi mke wa Aroni ana furaha gani?" watu waliulizana bombani. "Mume kavunjika mguu, kalala tu ndani, na yeye anaimba!"

"Wanyakyusa hao," wakajibiana. "Si hata msibani wanacheza ngoma?"

Wote walikosea. Tusajigwe aliimba kwa sababu alikuwa anaogopa mpaka meno yanagongana.

Mambo yalianza mwishoni mwa Oktoba. Mumewe, Aroni Kalinga, Mhehe wa hapo hapo, alikuwa fundi wa matenga, yale makapu makubwa ya mianzi ya kubebea nyanya. Siku hiyo alipanda lori la nyanya kwenda Uyole, akawaone wateja wake kwa macho na awasalimie wakwe. Kufika Chimala tairi likapasuka, lori likalala ubavu, nyanya zikamwagika barabarani hadi watu waliokuja kuokoa wakawa wanateleza na kuanguka wao. Aroni alitolewa akiwa hai, ila mguu wa kulia ulikuwa umevunjika juu ya goti.

Akalazwa Mbeya wiki sita, akatiwa chuma. Tusajigwe alilala kwa dada yake Uyole, na kila siku alikwenda hospitali na kikapu cha chakula, kande leo, ndizi kesho. Siku ya kuruhusiwa, daktari aligonga ile picha ya mfupa kwa kalamu, akasema, "Mfupa umefanya kazi yake. Sasa ni zamu yako, mzee. Shika magongo, tembea kila siku, hata kama unauma. Ukilala, goti litakakamaa, na hapo usije kunilaumu."

Aroni akaitikia vizuri kabisa. Na kweli, siku ya pili baada ya kurudi nyumbani alisimama. Uani palikuwa pamejaa majirani waliokuja kumpa pole. Akapiga hatua ya kwanza, watu wakapiga makofi. Akapiga ya pili. Ya tatu, gongo likazama kwenye tope, na yeye akaenda chini kifudifudi, suruali ikabaki nyuma. Mtu mmoja akacheka. Hakukusudia, kicheko kilimtoka tu, lakini kilimtoka kwa sauti.

Tangu hapo Aroni akaelekea ukutani. Chakula alikula, salamu aliitikia, ila kila akiambiwa habari ya magongo jibu lilikuwa moja: "Kesho, Mama Gloria." Magongo yakabaki yameegemezwa nyuma ya mlango, na kuku mmoja mwekundu akaona hapo ndipo pa kulala.

Tusajigwe alibembeleza. Alinuna. Alimpigia simu binti yao Gloria, aliyekuwa shule ya bweni, aongee na baba yake. Kesho, kesho, kesho. Alianza kuogopa kwamba mwanaume aliyemwoa kapotea humo humo ndani ya blanketi.

Mvua zikazidi, na mianzi ikachipua.

Asiyeujua ulanzi, pombe ya mianzi, aelezwe upesi. Chipukizi la mwanzi likifika kimo cha mtoto wa darasa la kwanza, mgema analikata kichwa na kulitegea mbeta, kipande cha mwanzi mkavu kilicho wazi upande mmoja. Maji yake yanadondoka humo. Asubuhi na jioni mgema anarudi, anamimina kilichopatikana, kisha anakwangua kile kidonda kwa kisu ili kisikauke. Ukiruka siku, kidonda kinaanza kufunga. Ukiendelea kuruka, basi tena, mpaka mwakani. Ulanzi ukiwa mchanga ni mtamu, unaitwa mtogwa, hata mtoto anapewa. Ukichacha unakuwa mkangafu, na mkangafu hauna mchezo, unaweza kukufanya umsalimie nguruwe shikamoo.

Mianzi ya Aroni ilipandwa na marehemu baba yake, mashina ishirini na tatu mgongoni mwa kilima, nyuma ya nyumba. Katika ukoo wa kina Kalinga mwanzi hauna hati. Anayeugema ndiye mwenye nao, na msimu ukipita bila kisu, anapewa ndugu mwingine aufanyie atakalo. Ndugu mwingine alikuwepo tayari, naye ni Silvester, kaka mkubwa wa Aroni. Hakuwa mtu mbaya, msimdhanie vibaya. Alikuwa tu ameshikwa na homa ya parachichi kama nusu ya watu wa Nyanda za Juu miaka hii. Miche alikuwa nayo, alichokosa ni ardhi.

Akaja Jumapili baada ya kanisa. Familia ikakaa uani, chini ya dirisha la chumba alimolala Aroni: Silvester, Tusajigwe, na mama mkwe wake Bibi Verediana, mwenye miaka themanini na ushee, Mkatoliki wa misa ya alfajiri, aliyekunywa kikombe kimoja cha ulanzi kila jioni kwa ajili ya mifupa.

"Mimi sisemi kwa ubaya," Silvester alisema. "Machipukizi yanapita kimo. Mdogo wangu hawezi kugema. Nipeni nafasi, niing'oe, nipande parachichi. Miaka mitatu tu, wote tutakula matunda."

Kutoka dirishani ikaja sauti ya Aroni, kavu. "Mpeni."

Neno moja tu. Neno hilo lilimtisha Tusajigwe. Kwa sababu huyu alikuwa mtu ambaye zamani, akirudi safari, alipitia kwenye mianzi yake kwanza kabla ya kumsalimia mkewe, na mke alishazoea. Ikiwa leo anaweza kusema "mpeni" bila hata kugeuza shingo, basi hatasimama kesho, wala mwakani. Mianzi ile iking'olewa, na yeye ameng'olewa.

"Nitagema mimi," Tusajigwe akasema.

Silvester alicheka mpaka akavua kofia. "Shemeji! Nyie wa Uyole mnajua viazi na ndizi. Mianzi mmeijulia wapi?"

"Nitajifunza."

"Na nyoka?"

Hapo hata Bibi Verediana akainamisha kichwa kuficha tabasamu. Maana kijiji chote kiliijua hadithi hiyo. Mwaka wa kwanza wa ndoa, Tusajigwe alitumwa kuchota ulanzi kwenye mianzi. Akaona kitu cha kijani kikijivuta kwenye majani makavu. Alitoka humo mbio, akapita nyumbani bila kusimama, akaonekana barabara kuu, mguu mmoja una kandambili, mwingine hauna. Miaka kumi na tisa hakukanyaga tena pale. Alipokuwa na miaka saba, kifutu alimuuma bibi yake migombani mbele ya macho yake, na bibi hakupona. Hilo hakulisimulia mara kwa mara.

"Nyoka wapo," akajibu, na sauti ikamtetemeka wazi wazi. "Nitagema hivyo hivyo."

Bibi Verediana akagonga chini kwa fimbo yake. "Apewe kisu. Lakini sikiliza, mwanangu Tusa. Ukikosa siku moja, asubuhi au jioni, Silvester ataingia na jembe, na mimi sitasema neno. Kidonda cha mwanzi hakisubiri mtu amalize kuogopa."

Asubuhi yake, Bibi Verediana alimpeleka mwenyewe. Ukungu ulikuwa umetanda, majani makavu yamefika kwenye vifundo vya miguu, na kila jani lililosogea Tusajigwe alifumba macho. Bibi akamwonyesha namna ya kukata, na namna ya kukwangua. "Nyembamba kama ganda la kitunguu. Aa! Taratibu! Unagema, huchinji mbuzi."

Kwenye shina la tatu, magoti ya Tusajigwe yakaanza kucheza. Yalicheza kweli kweli, akaona sketi inatikisika. Akajua sekunde moja zaidi na yatageuka yenyewe kumpeleka barabara kuu. Basi akafungua mdomo, akaimba. Wimbo wa Kinyakyusa, ule ambao wanawake wa kwao huimba wakipanda viazi, wenye beti nane. Uliomjia ni huo.

Bibi Verediana akaziba masikio. "Yuwi! Unamwimbia nani? Nyoka hana masikio, mwanangu!"

"Simwimbii nyoka, mama. Naimbia magoti yangu yasinikimbize."

 Bibi akatoa vidole masikioni, akasema, "Basi imba. Mimi nitavumilia."

Mashina ishirini na tatu, beti nane, zikarudiwa tena na tena. Alipotoka kule nguo zilikuwa zimelowa jasho, na baridi yote ile ya Kilolo! Akaingia chumbani kumpa Aroni chai. Akaona kitu: kichwa cha Aroni kilikuwa upande wa dirisha. Wiki zote hizo kilikuwa ukutani.

Siku ya tano Aroni akauliza, kama mtu anayeulizia hali ya hewa, "Leo umeruka ubeti wa tatu. Kulikuwa na nini?"

"Nilikuwa nahema."

"Ahaa," akasema Aroni. "Maana nilihesabu mbili, kisha nikasikia wa nne." Akavuta blanketi. Tusajigwe akatoka nje, akaenda nyuma ya jiko, akalia kidogo kwa furaha, kisha akapepeta mchele.

Sasa tufike kwenye aibu, maana bila aibu hii hadithi haijakamilika.

Wanyakyusa wanajulikana kwa usafi. Mnyakyusa atafagia uwanja, atafagia njia ya kwenda uwanjani, na ukisimama sana atakufagia na wewe. Wiki ya pili Tusajigwe alizichungulia zile mbeta kwa ndani, akaona utando, akaona ukungu, akaona mambo meusi yaliyokuwemo tangu enzi za baba mkwe. Akasema, "Mungu wangu, watu wanakunywa hiki?" Akachemsha pipa la maji. Akazitia mbeta zote sabuni ya unga, akazisugua kwa brashi ya chupa, akazisuuza mara tatu, akazianika. Ziling'aa! Alijisikia fahari.

Jioni wanywaji wakaja kama kawaida, wakiongozwa na Mzee Dastan, mtu aliyeanza kunywa ulanzi kabla ya kuota ndevu. Mzee Dastan akanywa lita yake. Akasubiri. Akanywa nyingine. Akamwangalia mwenzake, mwenzake akamwangalia. Akamalizia ya tatu, akainuka, akatembea mpaka kwake, mstari umenyooka kama reli.

Kesho yake alirudi akiwa na hasira. "Mama Gloria! Umenifanya nini? Jana nimefika nyumbani na kila kitu nakikumbuka! Mke wangu kanisemesha saa mbili nzima na yote nimeyasikia! Ukatili gani huu?"

Siku tatu mfululizo ulanzi ukawa mtamu tu, mtogwa wa watoto. Kijiji kikacheka mpaka kikalia. Mama Devotha, jirani, Mlutheri, kiongozi wa kina mama wa usharika, ndiye aliyeng'amua. "Ulizifua mbeta kwa sabuni? Tusa! Tulikuambia ujikaze kisabuni, hatukusema uitie sabuni yenyewe kwenye ulanzi!"

Lakini Silvester hakucheka. Alifika na jembe begani. "Mnaona? Ameua chachu. Mgema gani anagema juisi? Wateja wanahamia bonde la pili. Mama, tumalize jambo hili."

Tusajigwe alisimama katikati ya uwanja, mikono inanuka sabuni, akitamani ardhi ipasuke. Alijua sasa alivyojisikia mumewe siku ile ya suruali. Watu wote wanakutazama na wewe ndiye kichekesho. Angeweza kuingia ndani, naye akalala, akaelekea ukuta wa pili. Nafasi ilikuwepo. Badala yake akasema kwa sauti, "Nimekosea. Nani atanionyesha namna ya kurekebisha?"

Bibi Verediana akainuka taratibu, akaingia jikoni kwake, akanyoosha fimbo darini kwenye moshi, akaangusha mbeta moja kuukuu, nyeusi kama chungu. "Ya marehemu," akasema. "Haijawahi kuguswa na maji tangu tuoane. Nilikuficha wewe usiione, nakujua ulivyo. Jaza ulanzi humu, ulale, kesho utie tone tone katika kila mbeta." Kisha akamgeukia Silvester. "Na wewe rudisha jembe. Nilisema akikosa siku. Kukosea si kukosa."

Wiki ile ile mkangafu ukarudi na nguvu zake, na Mzee Dastan akapotea njia kwa furaha. Ila mbeta za mashina manane Tusajigwe aliziacha safi, kwa sababu Mama Devotha alikuwa amekuja na jagi chini ya kanga, akinong'ona, "Ule mtamu... upo?" Kesho yake walikuja kina mama wanne. Jumapili ikawa foleni, mchana kweupe, na mwinjilisti yumo.

"Usivimbe kichwa," Bibi akamwonya. "Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji."

"Mimi nimeshatia sabuni, mama. Maji ni nini?"

Nyoka naye alikuja, tusifiche. Ilikuwa Februari, jioni, shina la kumi na nne. Alikuwa wa kijani, amejilaza juu ya mbeta yenyewe, kichwa kwenye tundu kana kwamba anakagua usafi. Tusajigwe aliganda. Magoti yakamwambia, twende. Yeye akapandisha sauti. Aliimba beti nane akiwa amesimama pale pale, machozi yanamtiririka, akarudia zote nane kwa sauti iliyofika bonde la pili. Nyoka akamaliza shughuli zake, akajikusanya, akaondoka kwa wakati wake. Tusajigwe akabaki na uamuzi. Shina lile lilikuwa bado halijakwanguliwa. Akasogea, huku analia waziwazi, akalikwangua. Kisha akaenda la kumi na tano.

Alipofika nyumbani, Aroni alikuwa ameketi kitandani, uso umepauka. "Ulirudia wimbo mzima ukiwa umesimama mahali pamoja," akasema. "Nilijua. Alikuwa mkubwa?"

"Sikumpima."

"Rafiki yangu, acha. Mianzi ichukuliwe. Hofu hii ya nini?"

"Simama basi ukagemee wewe," Tusajigwe akamjibu kwa hasira, maana uchovu ulikuwa umemjaa. "Mimi naogopa kila siku mara mbili, Baba Gloria. Wewe uliogopa mara moja ukalala." Maneno yakatoka, hayakurudi. Aroni akainamisha uso. Tusajigwe alijuta usiku kucha, lakini asubuhi alichukua kisu na kwenda, na alijua kwamba dirishani kuna mtu anasikiliza.

Machi ikaja na mvua zake kubwa. Ndipo ikafika asubuhi ile.

Ukungu ulikuwa mzito, mkono hauonekani. Tusajigwe aliingia kwenye mianzi akiwaza jambo moja tu: machipukizi mawili ya shina la sita yalikuwa yanapunguza maji na hakujua kwa nini. Akachuchumaa. Akakwangua la kwanza kidogo, akaonja. Akagundua kwamba alikuwa anakata mlalo usio sawa, akabadilisha. Likaanza kudondoka. Aha! Akahamia la pili, akahamia shina la saba, la nane, akiwa amezama kama mtu anayesuka ukili. Majani chini akayasogeza kwa mkono mtupu ili apate pa kukanyaga, na vidole vikagusa kitu laini, baridi. Akakivuta. Ilikuwa kandambili. Ya bluu, ya mguu wa kushoto. Miaka kumi na tisa na haijaoza! Akacheka peke yake, akaichomeka kiunoni, akaendelea.

Ghafla akasikia kishindo. Kitu kizito kilikuwa kinakuja kutoka chini, kinavunja matawi, kinahema, kinaanguka, kinainuka. Akadhani ni nguruwe pori. Akainua kisu.

"Tusa! Tusajigweee!"

Kwa miaka kumi na saba alikuwa Mama Gloria. Jina lake mwenyewe alikuwa hajalisikia kutoka mdomo huo tangu mtoto azaliwe.

Aroni akatokea kwenye ukungu. Matope usoni, matope kichwani, gongo moja mkononi na jingine halipo, amevaa shati la kulalia na buti moja. Alimwangalia mkewe kama mtu aliyekuta kaburi liko wazi na halina mtu.

"Kwa nini huimbi?" akafoka.

"Nini?"

"Huimbi! Mashina manane huimbi! Nimesikiliza, nimesikiliza, kimya! Nikajua basi, ameumwa, amelala huko peke yake..." Sauti ikamkatika. Alikuwa analia, na hakujificha.

Tusajigwe akawaza. Kweli, hakuwa ameimba. Akajikagua magoti, yalikuwa yametulia tuli, hayana habari. "Nimesahau," akasema kwa mshangao. "Baba Gloria, nimesahau kuogopa!"

"Umesahau! Mimi roho mkononi, natoka ndani hata sijui gongo nimelishikaje..."  Aroni akatazama chini, akauona mguu wake wa kulia, umekanyaga ardhi. Akageuka akatazama alikotoka. Kilima chote kile.

 Maji ya mwanzi yalikuwa yanadondoka kwenye mbeta.

"Umeanguka mara ngapi?" Tusajigwe akauliza polepole.

"Tatu."

"Mbele ya watu?"

"Mzee Dastan alikuwa anapita."

"Akacheka?"

"Alicheka akakaa chini."

"Na wewe?"

Aroni akafikiri. "Sikuwa na nafasi ya kumsikiliza," akasema, na kicheko kikamponyoka, kikamshika mbavu, ikabidi mkewe amdake asianguke mara ya nne. Wakacheka wameshikana vile, matope kwa matope, hadi Tusajigwe akachomoa ile kandambili kiunoni na kumwonyesha, wakaanza upya.

Mchana Silvester alifika, akamkuta mdogo wake ameketi uani juu ya kigoda, anafundishwa na mkewe kasoro za shina la sita na kubisha kila neno.  Silvester akajipangusa jicho, akasema ni vumbi, kwenye mvua ile. Miche yake akaipeleka shamba la chini, na kabla hajaondoka akaomba lita moja ya mkangafu.

Lakini msifikiri mambo yaliisha hapo, maana mtu haponi kwa siku moja, wala hofu haihami kwa siku moja. Asubuhi yake Aroni aliamka mguu umevimba, mwili unauma wote. Akavuta blanketi. "Leo hapana, Mama Gloria," akasema. "Kesho."

Tusajigwe hakubishana. Akamfukuza yule kuku mwekundu, akayachukua magongo yote mawili, akayafuta, akayalaza kitandani kando ya mumewe. Akachukua kisu na ndoo, akapanda kilima. Safari hii hakuanzia shina la kwanza. Alipanda mpaka lile la mwisho kabisa, la ishirini na tatu, kule juu. Na hakuimba. Hakusahau. Alinyamaza kwa makusudi, mwanamke yule, mdomo ameufunga kwa meno.

Akakwangua chipukizi la kwanza. Kimya. Akamimina. Kimya. Akawaza labda amezidisha, labda mguu kweli haufai leo, labda ashuke. Akajipiga moyo konde, akakwangua lingine.

Ndipo kule chini gongo likagonga jiwe la mlangoni. Likagonga tena. Halafu ukungu ukaleta sauti ya mwanaume, nzito, inatetemeka, inaimba wimbo wa kupandia viazi wa Uyole, Kinyakyusa cha Mhehe, maneno yamevunjika vunjika yote. Hatua moja, neno moja. Aroni alikuwa anayaimbia magoti yake.

Alifika ubeti wa pili, akaruka kwenda wa nne, maana wa tatu hakuwahi kuushika vizuri. Tusajigwe akaweka kisu chini, akafungua mdomo, akamwimbia wa tatu kutoka huko juu.